Mtaalamu Akiandika Juu ya Nguvu za Kiume, Tumpime kwa Mizani Gani?



Ninyi mliohitimu kisomo sasa mnasoma wenyewe. Mnasoma barua, stakabadhi za mazao, kadi za kliniki, na matangazo yaliyobandikwa dukani na kwenye stendi ya basi. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kujua kusoma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima. Hayo tuliyoyasoma, je, ni kweli?

Leo tutapima maandishi ya aina moja tu. Ni yale yanayoeleza juu ya nguvu za kiume na mapenzi ya mke na mume. Tunajua kwamba jambo hili ni la siri. Mtu hawezi kulitaja mbele ya wakwe zake, wala mbele ya watoto wake. Lakini kwa kuwa ni la siri, wenye kutaka fedha zetu hupitia mlango huo huo. Mwanamume mwenye shida hii huona haya kuuliza. Husoma tangazo peke yake, hununua dawa peke yake, na akidanganywa hunyamaza peke yake. Fedha za mbegu zimekwenda, na ugonjwa bado uko mwilini.

Tutatazama mambo matatu yaliyotokea kweli katika nchi za mbali. La kwanza ni la profesa wa Ufaransa. La pili ni la daktari wa Marekani. La tatu ni la kidonge kilichopimwa hospitalini. Tumechagua mambo ya zamani kidogo makusudi, kwa sababu mwisho wake umekwisha kujulikana. Tukiisha kuyaona hayo, tutapata maswali ya kupimia tangazo lo lote.

PROFESA ALIYEJICHOMA SINDANO

Palikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Charles-Édouard Brown-Séquard. Alizaliwa mwaka 1817 katika kisiwa cha Morisi, kilichoko katika Bahari ya Hindi. Alisoma udaktari, akawa profesa mkubwa mjini Paris, Ufaransa. Alikuwa amechunguza sana uti wa mgongo, na kazi yake hiyo inaheshimiwa na madaktari mpaka leo. Basi huyu alikuwa mtaalamu wa kweli, si wa kujipachika.

Tarehe 1 Juni 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya wataalamu wenzake akawaambia jambo la ajabu. Alisema amechukua korodani za mbwa na za simbilisi, akazisaga, akazichanganya na maji, akayachuja. Kisha akajichoma maji yale kwa sindano. Alieleza kuwa uzee ulianza kurudi nyuma. Aliweza kusimama kazini saa nyingi bila kuchoka. Alipanda ngazi mbio kama kijana. Alipima nguvu za mkono wake kwa chombo, zikawa zimeongezeka. Hata mkojo wake aliupima, akaona unaruka mbali zaidi kuliko zamani.

Habari hizo zilienea upesi sana. Magazeti yaliandika. Wazee wakataka sindano. Wenye kupenda biashara wakaanza kuuza maji ya namna ile, wakimtaja profesa kwenye matangazo yao.

Sasa tupime. Je, profesa alidanganya? Hapana. Alisema alivyojisikia. Tena alieleza wazi namna alivyotengeneza maji yale, na aliwataka wengine wajaribu pia, ili ijulikane kama ni kweli kwa watu wote au ni kwake tu. Huo ni uungwana wa mtaalamu.

Lakini njia yake ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, alijijaribu mwenyewe, mtu mmoja tu. Pili, alijua amechomwa nini, na alitamani sana ifanye kazi. Mtu akitamani sana kupona, mwili na moyo humsikiliza kwa muda. Atatembea kwa nguvu, atajisikia kijana.

Ukweli ulipatikana polepole. Mwaka 1935 wataalamu walifaulu kuitoa katika korodani ile kemikali inayomfanya mwanamume awe na ndevu, sauti nzito na hamu. Inaitwa testosteroni. Mwaka 2002 wataalamu wa Australia waliyatengeneza tena maji yale kwa njia ya profesa, wakapima testosteroni iliyokuwamo. Ilikuwa kidogo mno, haiwezi kufanya kazi yo yote. Sababu ni mbili. Korodani haziweki testosteroni ghalani. Zikiitengeneza huipeleka kwenye damu. Tena testosteroni haiyeyuki vizuri katika maji. Kumbe nguvu zile za mzee zilitoka katika tumaini lake.

Fundisho la kwanza ni hili: mtaalamu wa kweli, mwenye nia njema, anaweza kukosea. Elimu yake ya uti wa mgongo haikumzuia kukosea juu ya nguvu za kiume.

DAKTARI WA MBUZI

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Kansas. Ni jimbo la wakulima wa ngano na wafugaji. Mwaka 1917 bwana mmoja aliyeitwa John Brinkley alihamia katika mji mdogo wa Milford. Alijiita daktari. Kusema kweli, chuo cha udaktari alichosoma hakukimaliza. Cheti alikipata kwenye shule nyingine iliyokuwa ikitoa vyeti kwa fedha.

Brinkley alitangaza kwamba anaweza kumrudishia mwanamume nguvu zake. Namna yake ilikuwa kumpasua mtu na kumtia vipande vya korodani za beberu. Maana yake ilikuwa rahisi kueleweka kwa mfugaji. Nani asiyejua beberu alivyo na nguvu? Wanaume walikuja kwa treni kutoka mbali. Bei yake ilikuwa dola 750. Siku zile fedha hizo zilizidi bei ya gari jipya aina ya Ford Model T.

Mwaka 1923 akafungua kituo chake cha redio. Humo alipigisha muziki, akahubiri, na akazungumza na wanaume waliochoka na wake zao. Watu walimwandikia barua wakieleza maradhi yao. Yeye alizisoma redioni, kisha akamtajia kila mmoja namba ya dawa ya kwenda kununua. Mgonjwa hakumwona wala hakumpima. Maduka yaliyouza dawa hizo yalimpa fungu lake katika kila chupa.

Je, korodani ya mbuzi ilifanya nini ndani ya mtu? Haikufanya lo lote la faida. Mwili wa binadamu hauipokei nyama ya mbuzi ikaishi humo. Kipande kile hufa na kuyeyuka, au huoza na kuleta usaha. Watu kadhaa walikufa baada ya kutibiwa kwake.

Lakini Brinkley alikuwa na kitu kimoja kingi sana: barua za shukrani. Mwanamume mmoja alisema amekuwa kijana. Mwingine alisema amepata mtoto. Aliyeandika vizuri na kusema vizuri aliaminiwa, na hao waliokufa hawakuandika barua.

Mwisho ukafika. Mwaka 1930 bodi ya madaktari ya Kansas ilimnyang'anya leseni. Mwaka huo huo serikali ilikataa kituo chake cha redio kiendelee. Yeye akahamia mpakani, akasema na Wamarekani kwa redio kubwa iliyojengwa upande wa Meksiko. Mwaka 1938 Dakta Morris Fishbein, mhariri wa jarida la chama cha madaktari wa Marekani, aliandika kwamba Brinkley ni tapeli. Brinkley akamshitaki kwa kashfa. Mwaka 1939 akashindwa mahakamani. Baada ya hapo waliokuwa wagonjwa wake wakamdai. Mwaka 1941 alifilisika, na mwaka 1942 alikufa.

Hesabuni wenyewe. Kutoka mwaka 1917 mpaka 1939 ni miaka 22. Ukweli uliweza kuchelewa hivyo kwa sababu wenye kudanganywa waliona haya. Ndiyo maana wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

SHAMBA LA MFANO

Pengine msomaji atauliza: "Lakini wale walioandika shukrani, walipona au hawakupona?" Ni swali zuri. Tulijibu kwa mfano wa shambani.

Mtu akikuletea mbolea mpya na kusema ni nzuri, utafanyaje? Mkulima hodari hatii mbolea shamba zima. Anachukua vipande viwili vya shamba, vyenye udongo sawa. Anapanda mbegu ile ile, siku ile ile, na kupalilia sawasawa. Kipande kimoja anatia mbolea, cha pili hatii. Wakati wa mavuno anapima magunia. Mvua ikiwa nzuri, vipande vyote viwili vitazaa vizuri. Bila kile kipande cha pili, angeipa mbolea sifa zilizo za mvua.

Dawa hupimwa hivyo hivyo. Wagonjwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa. Kundi la pili hupewa kidonge kitupu, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa sura lakini hakina dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa kipi. Hata daktari anayempima hajui, mpaka mwisho.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu ya moyo. Walipokuwa wakiijaribu, waligundua kwamba inasaidia uume kusimama. Dawa hiyo inaitwa sildenafili. Ilipimwa kama shamba la mfano, na mwaka 1998 ikaruhusiwa Marekani. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka huo walikuwamo wanaume 329, waliojaribiwa kwa majuma 12. Matokeo ya majuma manne ya mwisho yalikuwa hivi:

Waliopewa dawa: katika kila mara 100 walizojaribu tendo la ndoa, walifaulu mara 69.

Waliopewa kidonge kitupu: katika kila mara 100 walizojaribu, walifaulu mara 22.

Tazameni namba hizo tena. Dawa inasaidia, kwa sababu 69 inazidi 22 kwa 47. Lakini haimsaidii kila mtu kila mara. Mara 31 katika 100 walishindwa hata na dawa.

Na hiyo 22 nayo inasema nasi. Kidonge kisicho na kitu kilifuatana na kufaulu mara 22 katika 100. Maana yake, mtu akiuza unga wa muhogo na kuuita dawa ya nguvu za kiume, watakuwapo watakaofaulu na kumshukuru. Watasema kweli kwamba walifaulu. Lakini hawajui kama ni kwa sababu ya unga. Basi mashahidi kumi wa tangazo, hata wakiwa mia, hawawezi kutueleza kama dawa ni dawa. Tunataka kipande cha pili cha shamba.

MASWALI MATANO YA KUPIMIA

Haya ndugu, sasa tuna mizani. Tukisoma maneno ya mtaalamu ye yote juu ya jambo hili, tumuulize maswali haya:

1. Elimu yake ni ya nini, na ameipata wapi? Koti jeupe na jina la "dakta" havitoshi. Leseni yake inaweza kuulizwa.

2. Amejuaje? Je, amelinganisha waliotumia na wasiotumia, au anatoa ushuhuda wa mtu mmoja mmoja?

3. Je, wengine wasio rafiki zake wamejaribu wakaona vile vile?

4. Tukimwamini, yeye anapata nini? Akiisha kutisha, je, anauza? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

5. Je, anataja madhara, na watu wasiofaa kutumia? Dawa yenye nguvu ya kuponya ina nguvu ya kudhuru pia. Anayesema "haina madhara kabisa, inaponya kila kitu" amejifunga mwenyewe.

Mpimeni profesa kwa maswali haya. Atafaulu la kwanza, atashindwa la pili. Mpimeni Brinkley. Atashindwa yote.

Hatusemi kwamba dawa zote za miti shamba ni uongo. Miti mingi imetoa dawa za kweli. Tunasema mizani iwe moja kwa mganga wa miti, kwa daktari wa mjini, na kwa gazeti hili letu pia.

YANAYOJULIKANA SASA

Uume husimama kwa kujaa damu. Kwa hiyo cho chote kinachoharibu mishipa ya damu au mishipa ya fahamu huweza kuleta upungufu. Ugonjwa wa kisukari ni mmojawapo. Shinikizo la damu ni la pili. Tumbaku huharibu mishipa. Pombe nyingi hupunguza uwezo. Dawa nyingine za hospitali huweza kuleta shida hiyo pia, lakini usiziache bila kumwuliza aliyekuandikia. Tena kuna mawazo: madeni, msiba, ugomvi nyumbani, na hofu ya kushindwa tena.

Kushindwa mara moja moja humpata karibu kila mwanamume, na si ugonjwa. Lakini hali ikidumu kwa miezi, hiyo ni taarifa kutoka mwilini. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, na mara nyingine huonyesha dalili mapema. Mwanamume anayenunua chupa baada ya chupa kwa siri huweza kupoteza nafasi ya kugundua kisukari au ugonjwa wa moyo kabla haujamlaza. Aende zahanati akapimwe sukari na shinikizo la damu. Amwambie mganga waziwazi. Kwa mganga jambo hilo ni kama jino kuuma.

Jihadharini na hili pia. Sildenafili ikikutana na dawa za moyo za aina ya naitreti, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla na kuua. Na serikali ya Marekani, kama serikali nyingine, imekuta mara nyingi vidonge na unga unaouzwa kwa jina la mitishamba, kumbe umechanganywa sildenafili kwa siri. Mgonjwa wa moyo akinunua unga wa namna hiyo, hajui anakula nini. Basi tangazo likisema "asili tupu", tusilale.

NYUMBANI KWA MKE NA MUME

Kuna jambo moja ambalo profesa hakulizungumza na Brinkley hakulijali. Tendo la ndoa ni la watu wawili. Maandishi mengi juu ya nguvu za kiume humtazama mwanamume kama mashine ya kusaga: ama inawaka, ama haiwaki. Mke hatajwi, au anatajwa kwa kutisha tu: "Mkeo atakukimbia!" Maneno hayo ya kutisha huuza chupa. Lakini humwongezea mume hofu, na hofu nayo huzidi kumlegeza.

Mume anaponyamaza, mke hudhani hapendwi tena, au hudhani kuna mwanamke mwingine. Mume naye hudhani mke anamcheka. Wengine hufika hata kusingiziana uchawi. Neno moja la kweli lingepoza mambo: "Mama watoto, mwili wangu siku hizi hauko sawa. Tusaidiane." Na mke ajibu kwa upole: "Baba watoto, twende wote tukapime." Mficha uchi hazai. Mapenzi yana mambo mengi: maneno mazuri, kusaidiana kazi, kukumbatiana, kukubaliana. Mke akiwa mgonjwa au amechoka, naye asikilizwe. Hakuna dawa inayoweza kuchukua nafasi ya makubaliano ya wawili.

Ndugu msomaji, mtu akikuletea mbolea unaiuliza maswali kabla hujaitia shambani. Mwili wako una thamani kuliko shamba. Mwenye ukweli hakasiriki akiulizwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Profesa alikuwa mtu mwaminifu. Kwa nini maneno yake hayakutosha kuwa ushahidi?

2. Barua za shukrani zilimsaidiaje Brinkley? Ni watu gani ambao barua zao hazikusomwa?

3. Hesabu: Wanaume 50 wametumia unga usio na dawa, na kila mmoja amejaribu tendo la ndoa mara mbili. Kama wakifaulu sawa na waliopewa kidonge kitupu, watafaulu mara ngapi kwa jumla?

4. Leteni tangazo moja la dawa ya nguvu za kiume mliloliona. Msomaji mmoja alisome kwa sauti. Kisha lipimeni kwa yale maswali matano. Limefaulu mangapi?

5. Kina mama wajadili peke yao, na kina baba peke yao: Ni nini kinachofanya iwe vigumu kwa mke na mume kuzungumza juu ya shida hii? Baadaye kaeni pamoja, kila upande utoe jibu moja.